Chumvi ina pembe! Mtazamo wa kwanza wa Foldscope, hadubini ya karatasi

Chumvi ya mezani ni michemraba. Kila chembe, hata ile inayobaki kwenye ncha ya kidole baada ya kuonja mchuzi, ina nyuso bapa na pembe zilizonyooka, na ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha inang'aa kwa ndani. Sukari iliyo kwenye kopo la pembeni haina umbo hilo hata kidogo: fuwele zake zimeegemea upande, nyuso ni nyingi, ncha zimekatwa mshazari. Vitu viwili ambavyo kila mtoto amewahi kuvichanganya kwa macho, kumbe havifanani kwa lolote! Nimeyaona haya mwenyewe, jikoni kwangu, Dar es Salaam, kupitia karatasi iliyokunjwa.

Karatasi hiyo inaitwa Foldscope, na natoa hukumu yangu mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nayo: sijawahi kushika kifaa cha bei ndogo chenye maajabu makubwa kiasi hiki. Ni hadubini kamili. Inakuza vitu mara 140 na kutenganisha vinavyoachana kwa elfu mbili tu za milimita. Haina waya, haihitaji umeme, inaingia mfuko wa shati. Na tangu niikunje, sipiti tena karibu na kitu chochote nyumbani bila kujiuliza kikoje kwa ndani.

Wabunifu wake ni Manu Prakash, mwanasayansi mzaliwa wa India anayefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Jim Cybulski, aliyekuwa mwanafunzi wake wa uzamivu. Walichapisha maelezo ya kitaalamu mwaka 2014, na ukiyasoma unabaki mdomo wazi: vipuri vyote kwa pamoja havifikii dola 1 ya Marekani, uzito hauvuki gramu 9, na ukiiangusha kutoka jengo la ghorofa tatu au mtu akiikanyaga, inaendelea na kazi. Leo zaidi ya milioni 1 zimeshasambazwa duniani. Milioni! Na bado ukiitaja barazani wengi hawajaisikia.

Inakuja ikiwa bapa. Ni karatasi ngumu isiyolowa, imechapwa rangi na mistari ya kukunjia, na vipande vyake vinatoka kwa kusukumwa na vidole tu, mkasi hauhitajiki. Unakunja hapa, unapenyeza ulimi huu kwenye tundu lile, unaweka kilenzi mahali pake, unabandika sumaku, na ghafla mkononi umeshika chombo cha sayansi. Mpwa wangu wa darasa la tano alikunja sehemu kubwa kuliko mimi. Alipomaliza alijua kila kipande kina kazi gani, jambo ambalo hadubini ya chuma haikufundishi, maana hiyo unaikuta imeshafungwa skrubu na hakuna anayekuruhusu kuifungua.

Kuitumia nako ni raha. Slaidi inachomekwa katikati ya tabaka za karatasi, unashika ncha zote mbili, unaisogeza mpaka kope ziiguse, halafu unaelekea kwenye mwanga: dirisha, anga, au balbu. (Jua lenyewe usilielekee kamwe. Lenzi hukusanya mwanga, na jicho likiungua halina spea.) Ukisogeza vidole gumba kushoto au kulia, unatembea juu ya kile unachokitazama. Ukivuta au kusukuma karatasi kidogo, ukungu unaondoka na umbo linajitokeza. Hapo ndipo mtu anapopiga kelele. Wote niliowapa walipiga kelele, wakubwa kwa wadogo.

Lakini inawezekanaje? Hadubini za maabara zina bomba refu na lenzi kadhaa, hii ina lenzi moja tu. Siri iko kwenye udogo wa lenzi hiyo. Lenzi ikiwa ndogo na yenye mbinuko mkali, huupinda mwanga kwa nguvu, na ukiliweka jicho karibu nayo kabisa unapata ukuzaji mkubwa bila bomba lolote. Si jambo geni. Mtu aliyewaona viumbe wadogo wa majini kabla ya binadamu mwingine yeyote alitumia lenzi moja vilevile: Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Hakuwa profesa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa! Vyombo vyake vilikuwa vibati vidogo vyenye tundu lililoshika lenzi, unaviweka mbele ya jicho moja. Mojawapo ya vile vilivyobaki hukuza zaidi ya mara 250.

Na sasa sikiliza alichokifanya mzee huyo, maana kinatuhusu sisi watu wa pwani. Alitaka kujua kwa nini pilipili manga inawasha. Alidhani huenda punje zake zina ncha zinazochoma ulimi. Akaziloweka majini zilainike, akaziacha wiki kadhaa, kisha akachukua tone la maji yake na kulitazama. Ncha hakuziona. Aliona maji yamejaa viumbe hai wanaokwenda huku na huku, wadogo kuliko chochote alichowahi kukiwazia. Aliwaandikia barua wanasayansi wa Royal Society ya London, tarehe 9 Oktoba 1676, nao wakaona vigumu kumwamini, mpaka mwenzao Robert Hooke aliporudia jaribio lenyewe mwaka uliofuata na kuwaona kwa macho yake.

Pilipili manga! Ile ile ya pilau! Ningewezaje kutulia? Nilichukua punje za kutosha kujaza kijiko, nikazitia kwenye glasi ya maji ya mvua, nikaiacha dirishani bila kufunika mpaka juu ya maji ukatanda utando mwembamba wa kijivu. Usiogope harufu. Nikachota tone moja karibu na utando ule, nikalifunika kwa kipande chembamba cha plastiki, nikainua Foldscope kuelekea anga.

Jamani. Lile tone lilikuwa limejaa watu wake. Vitu virefu vyenye mwili laini vilikatiza mbele ya jicho kwa kasi mpaka nikashindwa kuvifuata, vikigonga vipande vya maganda ya pilipili, vikirudi nyuma, vikizunguka, vikiondoka tena. Vingine vilikuwa vya mviringo, vinatetemeka mahali pamoja. Hivi ndivyo viumbe vya seli moja vinavyoogelea kwa vinyweleo vilivyouzunguka mwili wao. Kiumbe kizima, kinachokula na kuzaliana, na mwili wake wote ni seli moja! Nyuma yao, kwa mbali, maji yenyewe yalikuwa yanachemka kwa vidoto vidogo zaidi, na hao ni bakteria, ambao kwa ukuzaji huu huwezi kuwaona umbo, unauona tu msukosuko wao. Niliona kitu kile kile kilichomshtua van Leeuwenhoek, kwa kiungo kile kile, na kwa chombo cha ukoo ule ule. Kama kuna sababu moja tu ya kuitafuta hadubini hii, ni tone hili.

Kwa kuwa mzee alikuwa muuza vitambaa, nikaipeleka Kariakoo, kwenye duka la kanga. Nilimweleza muuzaji ninachotaka, akacheka, akanivutia vipande viwili na kuvitaja bila kuficha: hiki pamba tupu, hiki poliesta, ndiyo maana bei zimeachana. Akachomoa uzi kutoka ncha ya kila kimoja. Tukaufumua kila uzi mpaka tukapata nyuzinyuzi zake, tukaziweka kwenye slaidi na kusimama mlangoni penye mwanga.

Tofauti inapiga kelele. Unyuzi wa pamba ni utepe bapa uliojipotoa wenyewe, unageuka hapa, unajikunja pale, na hakuna unyuzi unaofanana na mwenzake. Chanzo chake ni kwamba unyuzi huo ulikuwa seli hai ndefu juu ya mbegu ya pamba, na tumba lilipopasuka na kukauka, seli ikabonyea na kujizungusha. Poliesta ni fimbo laini, nene sawasawa mwanzo mpaka mwisho, haina kona wala historia, maana ilikamuliwa kiwandani kupitia matundu. Msokoto ule wa pamba ndio unaozifanya nyuzi zikamatane zinaposokotwa. Muuzaji alitazama kimya kwa muda mrefu, akaniambia, "Dada, miaka yote hii nauza kanga, uzi wenyewe sijawahi kuuona." Akaita wenzake wa maduka ya jirani. Foldscope ilizunguka kibarazani mikono mingi kabla haijanirudia, na karatasi haikuchanika.

Ninachokipenda mno kwenye kifaa hiki ni hicho. Hadubini ya maabara inataka kitu kipelekwe kwake, nayo imefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu mmoja. Hii inaondoka kukifuata kitu kilipo: dukani, shambani, kwenye ndoo ya uani. Nguvu ya mara 140 si kubwa kwa viwango vya maabara. Lakini hadubini ya nguvu mara elfu iliyofungiwa haimwonyeshi mtu yeyote chochote.

Jikoni nilipita haraka haraka kwa tamaa. Ngozi nyembamba ya kitunguu, ile inayobanduka kati ya tabaka, inaonyesha seli zilizopangwa kwa safu mpaka mwisho wa upeo, na tone la ayodini ya kupaka vidonda linatia rangi kiini cha kila moja. Gamba la changu kutoka soko la Feri lina mistari myembamba inayofuatana kuzunguka kitovu, inayoongezeka samaki anavyokua, na wataalamu wa samaki hutumia alama za ukuaji kwenye magamba kukadiria umri. Ukingo wake wa kuelekea mkiani una vijino vingi sana. Ndivyo vinavyokwaruza kiganja ukimpapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani! Unga unaobaki vidoleni ukimshika nondo aliyevamia taa si vumbi. Ni magamba ya bawa lake, kila moja na kikonyo chake.

Kwenye unga wa kupikia, hapo nilikaa. Kwangua kiazi mviringo kidogo, weka majimaji yake kwenye slaidi: chembe za wanga zina umbo la yai, ni kubwa, na ukitulia unaziona zina duara ndani ya duara, tabaka baada ya tabaka, jinsi mmea ulivyoziweka akiba. Wanga wa mahindi ni mdogo zaidi na una kona kona. Wa muhogo ni mviringo, lakini chembe nyingi zina upande mmoja uliokatwa bapa. Wa mchele ni mdogo kiasi cha kutaka kupotea. Ukidondosha ayodini, zote zinageuka bluu-nyeusi mbele ya macho yako. Ugali wa sembe na ugali wa muhogo unaujua mdomoni tangu utotoni. Kumbe na jichoni una sura mbili!

Ua la boga usilisahau. Kabla ya kulitupa chunguni pamoja na majani yake, pukutisha chavua ya njano kwenye slaidi. Chavua ya boga ni miongoni mwa chavua kubwa katika mimea tunayokula, tufe zito lenye miiba pande zote, na miiba hiyo inaisaidia kunasa kwenye manyoya ya nyuki. Chavua ya mahindi, inayosafiri kwa upepo, haina haja ya miiba: ni tufe laini kabisa. Mmoja anasubiri mdudu, mwingine anasubiri upepo, na unaijua safari ya kila mmoja kwa kutazama ngozi yake.

Uani kulikuwa na ndoo iliyosahauliwa na mvua, ndani yake viluwiluwi wa mbu. Chagua mdogo kabisa, ambaye hata kwa macho unamwona kwa shida, umlaze ndani ya tone. Mwili wake unapitisha mwanga. Unaona mirija miwili ya hewa inayong'aa kutoka mkiani mpaka kifuani, unaona utumbo na alichokula, unaona mapigo. Wa ndoo yangu walikuwa na mrija wa kupumulia mkiani, na ndiyo maana majini walining'inia vichwa chini. Mbu aina ya Anopheles, anayeeneza malaria, hana mrija huo, kwa hiyo kiluwiluwi wake hulala sambamba na uso wa maji. Tofauti hiyo ya kulala na kuning'inia unaiona hata bila lenzi, lakini sababu yake unaielewa kwa lenzi. Kisha, tafadhali, mwaga ndoo.

Sasa nieleze mipaka, maana kifaa kizuri kinastahili kuelezwa kwa ukweli. Mwanga wa Foldscope unatoka nyuma ya kitu na kupita ndani yake. Kitu kinene kinageuka kivuli cheusi. Nilijaribu mchanga mweupe wa Paje, ule wa mashariki ya Unguja, ambao si mawe yaliyosagika bali ni mabaki ya viumbe: matumbawe, makombe, mwani wenye chokaa, na nyumba za foraminifera, viumbe vya seli moja vinavyojijengea vyumba vya chokaa. Chembe nene zilibaki vivuli. Lakini chekecha, chukua zile ndogo kabisa zinazopita kwenye kitambaa, utakuta nyumba hizo zina vyumba vinavyozunguka, kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, na mwanga unapenya kuta zake. Tunayatembea makazi hayo peku likizo nzima!

Mpaka wa pili: si chombo cha kujipimia ugonjwa. Vimelea vya malaria kwenye damu hutafutwa kwa ukuzaji wa mara 1000 hivi, kwa rangi maalumu na kwa jicho lililofundishwa. Ukiwa na homa nenda kituo cha afya, na mambo ya damu waachie wao. Mpaka wa tatu ni mkono. Kutuliza picha kunataka mazoezi, na mwenye miwani atalazimika kuivua na kurekebisha upya kila anapompokea mwenzake. Nao upeo ni mdogo: kitu kikitoka pembeni unakitafuta.

Lakini hata hilo la mkono lina dawa. Kuna kiungo cha sumaku kinachoishikamanisha hadubini na kamera ya simu, na hapo mambo yanabadilika kabisa. Picha inatulia, inajaa kioo kizima, unaweza kurekodi video, na watu sita wanaweza kutazama kwa pamoja bila kugombania. Nilirekodi tone la pilipili na kulituma kwenye kundi la familia. Shangazi yangu aliyeko Muscat alidhani ni filamu ya baharini. Nilipomwambia ni maji ya pilipili manga, aliweka zake dirishani siku hiyo hiyo.

Nani aitafute? Mzazi mwenye mtoto anayeuliza maswali. Mkulima anayetaka kuona kilichoko chini ya jani linalojikunja. Fundi cherehani. Muuza samaki. Na zaidi ya wote, mwalimu wa biolojia mwenye darasa kubwa na hadubini chache, au asiye nayo kabisa, anayelazimika kuchora seli ya kitunguu ubaoni na kuwaambia watoto wamwamini. Hawahitaji kumwamini. Kitunguu kipo kila jiko la shule, mwanga upo kila dirisha, na hizi zinauzwa pia kwa pakiti za darasa zima, zikunjwe na wanafunzi wenyewe.

Ninachowaomba wenye maduka ya vifaa vya shule, kuanzia Kariakoo mpaka Mombasa na Kampala, ni kimoja: zileteni kwa wingi, ili mteja asilipe usafiri wa kifurushi kimoja kimoja kutoka ng'ambo. Nawe msomaji, usisubiri ya kwako ifike. Pilipili manga inahitaji muda majini, kwa hiyo loweka usiku huu.